Usichome Picha: Rada ya Jua ya Nkoroi

Najua ushacheki hizo vidio za YouTube, penye msee wa London ama Los Angeles anakushow venye utapiga picha kali: ngoja jioni, jua ikiwa chini, mwanga inageuka dhahabu, usikimbie, taimu iko mob. Unaskia poa. Unadunga luku, unaita beste yako, mnaset mkutane Magadi Road saa kumi na mbili na robo jioni. Kufika, huyu anarekebisha kofia, yule anatafuta pozi, na jua inahepa nyuma ya Ngong Hills. Picha zinatoka kijivu, sura imelala. Unaanza kulaumu fon, unapiga hesabu ya kwenda Luthuli Avenue kutafuta ingine.

Tulia kwanza. Yule msee wa YouTube hajakudanganya, ni vile anabonga juu ya jua ya kwao. Nkoroi iko na jua yake, na hiyo jua iko na ratiba yake. Ukiishika, hata fon ya mtumba itakupea picha zenye watu watauliza umetumia kamera gani.

Hesabu ya ikweta

Wasee wa tao hucheka Rongai ati ni diaspora. Sisi wa Nkoroi tuko mbele ya Ronga, so sijui watatuita nini, lakini kwa ramani ya dunia tuko pale kati kabisa: digrii 1 na nusu hivi kusini ya ikweta. Hiyo namba ndogo ndio inapanga kila kitu kwa picha zako.

Ya kwanza, huku jua inapanda wima na inashuka wima. Kila saa inasonga digrii 15. Ile mwanga ya dhahabu inakuwanga taimu jua iko chini ya kama digrii 6 kutoka mwisho wa upeo. Piga hesabu: hapa kwetu hizo digrii 6 zinaisha kwa dakika 25 hivi. London mwezi wa Juni jua inashuka ikiwa imelala upande, so hizo digrii zinaichukua karibu dakika 50. Oslo, kule Norway, inapita saa moja na bado iko. Ndio maana yule jamaa anakwambia usikimbie. Wewe kimbia.

Ya pili ni mchana. London mwezi wa Desemba, saa sita jua inafika digrii 15 pekee, yaani iko pale chini siku nzima na vivuli ni virefu kutoka asubuhi hadi jioni. Kwetu jua ya katikati ya mchana haishukangi chini ya digrii 65, mwaka mzima. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba inasimama juu ya utosi, unatafuta kivuli chako unakipata chini ya njumu.

Ya tatu, giza haibishi hodi. Jua ikizama, uko na kama dakika 20 za anga ya bluu kabla usiku uingie.

Lakini kuna kitu tumebarikiwa nayo. Huku jua hutoka kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 40 asubuhi, na huzama kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 12 na dakika 50 jioni, Januari hadi Desemba. Msee wa Oslo lazima acheki kalenda kila wiki. Wewe unaset alamu moja na unaishi nayo.

Mangware ndio mali safi

Watu wengi hungoja jioni juu hakuna mtu anapenda kuamka. Hiyo ni noma, juu Nkoroi asubuhi iko mbele ya jioni kwa mambo tatu. Mashariki haina milima ya karibu, ni tambarare inashuka upande wa Tuala na Kandisi, halafu Nairobi National Park na mbuga za Kitengela na Athi. So jua ikitoka inakufikia moja kwa moja, hakuna kitu ya kuiblock. Pili, usiku ukipita vumbi inakuwa imelala, hewa iko safi, rangi zinatoka na nguvu. Tatu, barabara haijajaa. Unaweza piga mtu amesimama kwa murram na nyuma yake kuna mti wa miiba na anga, bila nduthi kumi kupita kati.

Mkenya mwenye alijua maana ya mangware vizuri ni Mohamed Amin. Alizaliwa Eastleigh mwaka wa 1943, akawa kameramani mwenye dunia yote inamjua. Oktoba 1984, BBC ilionyesha filamu yake ya njaa kule Korem, Ethiopia, na filamu inaanza alfajiri, watu wamejifunika mashuka kwa baridi, jua inaanza kupenya. Hiyo mwanga ya chini, nyembamba, inayopita kati ya watu, ndio ilifanya kila mtu mwenye aliiangalia ashindwe kugeuza macho. Angefika saa sita, wale watu wangekuwa walewale na njaa ileile, lakini picha ingekuwa ingine kabisa. Hiyo filamu ndio ilisukuma wanamuziki wakafanya Live Aid mwaka wa 1985.

So jaribu hivi. Fika penye unataka saa kumi na mbili kamili, kabla jua itoke. Dakika za kwanza mwanga iko bluu na laini, hakuna kivuli, poa kwa mandhari na nyumba. Jua ikichomoza, weka msee wako jua imguse upande mmoja wa sura. Usimwangalize jua moja kwa moja, atakunja macho. Akigeuza kichwa kidogo, upande mmoja unawaka, ule mwingine unabaki na kivuli laini, na sura inapata umbo. Mwanga ya upande ndio inaonyesha pua, taya, nywele na hata kitambaa ya nguo. Mwanga ya mbele inafanya kila kitu ilale bapa.

Kipimo cha kivuli chako

Usibebe programu yoyote ya kupima jua. Beba kivuli chako. Simama kwa uwazi, cheki chini. Kivuli ikiwa ndefu kukuliko, jua iko chini ya digrii 45 na bado unaweza piga sura bila stress. Kivuli ikiwa fupi kukuliko, jua imepanda na itaanza kuharibu. Kwetu hiyo laini inavukwa kama saa tatu na nusu asubuhi, na inarudi kama saa tisa na nusu mchana.

Kati ya hizo saa sita ndio wasee wengi huchoma picha. Jua ikitoka juu, nyusi zinatupa kivuli kwa macho, macho yanageuka mashimo meusi. Pua inatupa kivuli kwa mdomo. Kipaji cha uso kinang'aa na kidevu kinapotea. Hata model wa Westlands hatoki fiti hapo. Na kumbuka kitu moja ya kwetu: jua haifiki juu kabisa saa sita kamili. Saa ya Kenya imepangwa na mstari wa dunia wenye uko mashariki yetu zaidi, so jua ya Nkoroi hufika kilele kama saa sita na nusu. Ukidhani saa saba ishapoa, jua ndio kwanza imeanza kuteremka.

Sasa, harusi ni saa saba, graduesheni ni saa saba, na bathdei ya mtoto ni saa saba. Huwezi ambia watu wangoje. Hapo ndio unahitaji kujua kivuli.

Kutafuta kivuli yenye iko na mlango

Kuna kivuli na kuna kivuli. Ile ya chini ya mti ni mtego, majani yanaacha matundu ya jua, na mtu anatoka na madoadoa ya moto kwa shavu. Kivuli safi ni ile ya ukuta, veranda ya duka, ndani kidogo ya geti, ama mlango wa karakana: juu imefunikwa, mbele iko wazi. Simamisha msee karibu na ukingo, hatua moja ama mbili ndani, aangalie nje kwenye mwanga. Anga kubwa yenye iko mbele yake inakuwa lighti yake. Macho yanapata ile nukta ndogo nyeupe yenye inafanya mtu akae hai.

Na ukuta gani? Hapa ikweta inarudi. Juni, jua ya mchana inapita upande wa kaskazini, yaani upande wa Nairobi. So kivuli inaanguka upande wa kusini wa nyumba. Ukuta wa mita 3 utakupea kivuli ya kama mita 1.4 hata saa sita na nusu, na hiyo inatosha mtu mmoja mwenye hajanenepa. Desemba inageuka, jua inapita kusini, so wewe hamia ukuta wa kaskazini. Machi na Septemba kuta zote zinakunyima, ingia veranda.

Cheki pia rangi, juu mwanga inabeba rangi ya kitu yenye imeiguza. Mtu akisimama chini ya mwavuli ya kijani ya agent wa pesa, anatoka kijani kama mgonjwa wa sinema. Turubai ya bluu ya mama mboga inafanya ngozi ikae baridi. Ukuta mwekundu unapaka shavu. Lakini murram yetu iko na zawadi: jua ikiigonga, inarusha mwanga ya joto kutoka chini, inajaza kivuli ya macho na kidevu. Mtu mwenye amesimama kwa ukingo wa kivuli na murram iko na jua mbele yake, amepata lighti mbili za bure. Ukitaka kuona hii stori ya rangi ikiwa imetolewa kabisa, enda Kitengela Hot Glass, upande wa Maasai Lodge, penye wanayeyusha vioo vilivyotumika na kuvigeuza kazi mpya. Angalia jua ikipita kwa kioo cha rangi halafu angalia ukutani. Hakuna darasa itakufunza haraka kuliko hiyo.

Kama murram haiko, tumia manila nyeupe, ama ile sanshedi ya silva ya kioo ya ndai. Beste ashike chini ya kifua cha msee unampiga, airushe mwanga kwa sura polepole hadi uone macho yakiwaka. Silva inakata macho, so isogeze mbali kidogo. Nyeupe ni pole.

Na usidhani hii ni kazi ya masufferer pekee. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka wa 1948, na sehemu kubwa ya kazi yake aliipiga uani kwa mwanga ya jua, shuka la kitanda likiwa nyuma ya mteja. Karatasi na filamu zilikuwa ghali, so mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu. Leo hizo picha zinaning'inia kwa makumbusho za majuu. Alikuwa na uwa, shuka, na akili ya kujua saa.

Jioni: milima inakula dakika zako

Turudi kwa ile jioni yenye ilikuhepa. Simu ikisema jua inazama saa 12 na dakika 35, hiyo ni hesabu ya mahali tambarare. Magharibi ya Nkoroi kuna Ngong Hills, zenye kilele chake kinafika kama mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, na sisi tuko chini sana ya hapo. Milima inakata hiyo jioni na kukurudishia pungufu, kama konda mwenye hana changi. Na kumbuka dhahabu yote ilikuwa dakika 25. So Nkoroi dhahabu ya jioni inaanza mapema kwa akili yako: fika saa kumi na moja, anza kazi saa kumi na moja na nusu, na ukifika saa kumi na mbili na robo uwe tayari umeshamaliza picha za sura.

Magadi Road yenyewe ni kipimo. Kutoka Ronga ikielekea Kiserian inapinda kusini magharibi, so jioni ukiangalia upande wa Kiserian jua iko machoni mwako, ukigeuka upande wa Ronga iko mgongoni. Hizo ni picha mbili tofauti kwa mahali pamoja. Jua mgongoni inaonyesha rangi zote: graffiti ya nganya, mashati ya mitumba, mabati. Jua machoni inachora watu kwa laini ya moto kwa nywele na mabega.

Hiyo ya pili ndio watoto wa Ronga hupenda, na iko na masharti. Jificha jua nyuma ya kichwa cha msee ama nyuma ya mti, usiiache igonge lensi. Pangusa lensi na pindo ya tishati safi, juu mafuta ya smokie kwa lensi ikikutana na jua inafanya picha yote iwe ukungu. Halafu tafuta moshi ama vumbi. Mzee wa mutura akipepea jiko, boda ikipita kwa murram Januari ama Februari, ng'ombe zikirudi boma: vumbi na moshi zikishikwa na jua kutoka nyuma zinaonekana, zikishikwa kutoka mbele zinapotea.

Jua ikishaingia, usiende home. Zile dakika 20 za bluu ndio taimu ya nganya. Usiku kabisa taa za mathree zinawaka na kila kitu ingine inakuwa giza. Mchana taa hazionekani. Lakini pale kati, anga na taa ziko na nguvu sawa, so unapata gari, rangi, taa na mawingu kwa fremu moja. Egemeza fon kwa nguzo isitetemeke, zima flashi, piga.

Kitu ya mwisho kuhusu jioni: jua haizami mahali pamoja. Ukiangalia magharibi, Juni inazama kulia zaidi, Desemba kushoto zaidi, na miezi ya kati inatembea kwa ule mgongo wa milima penye mitambo ya upepo iko. Kama kuna siku unataka jua ishuke kati ya vilele viwili, hiyo siku iko, lakini lazima uichekie wiki kadhaa kabla.

Ngozi yetu na akili ya kamera

Hii sehemu msee wa YouTube hatakuambia, juu haimhusu. Kamera haijui inaangalia nini. Inapima mwanga yote na kujaribu kuileta katikati, kwa rangi ya kijivu. Weka mresh mweusi mbele ya ukuta mweupe ama anga ya mchana: kamera inaona weupe mwingi, inashusha mwanga, na sura inageuka kivuli. Weka huyo huyo mbele ya mlango wenye giza, kamera inapandisha mwanga, ngozi inapauka na kupoteza rangi yake.

Na hii shida ya kamera na ngozi nyeusi iko na historia. Enzi ya filamu, maabara za kuosha picha zilipimia rangi na kadi yenye iko na picha ya manzi mzungu, ziliitwa kadi za Shirley. Rangi ikikaa poa kwa Shirley, kazi imeisha. Ngozi nyeusi ilitoka vyovyote. Kodak walianza kurekebisha filamu baada ya watengenezaji wa fanicha na chokoleti kulalamika ati rangi zao za kahawia hazionekani tofauti. Meza ilisikizwa mbele yetu. Siku hizi kampuni zimeamka. Google waliweka Real Tone kwa Pixel 6 mwaka wa 2021, na wengine wamefuata. Lakini usiachie fon ifikirie kwa niaba yako.

Fanya hivi: gusa sura ya msee kwa skrini, shikilia hadi fon ifunge hapo, halafu vuta ile alama ya jua juu ama chini pole pole hadi ngozi ikae venye macho yako inaiona. Chagua mandharinyuma yenye si nyeupe sana wala angavu sana. Mabati ya zamani, mawe yenye hayajapigwa plasta, geti nyeusi, kichaka: Nkoroi imejaa hizo. Na ngozi nyeusi iko na siri tamu, inang'aa. Mwanga kubwa na laini, kama mlango wazi ama anga ya mawingu, inateleza kwa shavu na paji na kuchora umbo lote. Kamafuta kidogo kwa ngozi kanasaidia. Poda nyingi inaua.

Ndani ya keja

Keja ya single yenye dirisha moja ni studio kamili. Zima balbu, juu balbu iko na rangi ya manjano na dirisha iko na bluu, na zikichanganyika sura inatoka rangi mbili. Weka msee karibu na dirisha, upande wake mmoja ukiangalia nje. Akisogea ndani hatua mbili mwanga inashuka sana na kivuli inakolea. Wewe ndio unaamua hali: karibu ni laini na wazi, mbali ni nzito kama sinema. Jua ikipenya moja kwa moja, ning'iniza neti nyeupe ya mbu ama pazia nyepesi, jua inageuka mwanga pana isiyo na makali. Upande wa pili weka manila nyeupe kujaza kivuli.

Hii ndio inaleta doo. Kinyozi wa mtaa akitaka kuonyesha fedi kwa statasi, asipige chini ya ile tyubu nyeupe ya ukutani. Asogeze kiti karibu na mlango, kichwa kipate mwanga kutoka upande, hapo kila nambari ya mashine inaonekana. Manzi wa kusuka vilevile. Mwenye anauza mitumba online aanike shati karibu na dirisha, jua isiguse, na rangi zitatoka zile zile mteja ataona akifungua paketi. Ukimpelekea mteja shati yenye si rangi ya picha, hatarudi, na atabonga.

Julai si adui

Wasee wengi wakiona mawingu ya Juni hadi Agosti wanafungia kamera. Ile baridi yetu inakuja na blanketi ya mawingu asubuhi, siku zingine mchana kutwa. Hiyo blanketi ni lighti moja kubwa imefunika mtaa wote. Hakuna mashimo ya macho, hakuna kukunja sura, unaweza piga saa sita bila kutafuta ukuta. Kazi yako ni mbili: toa anga kwa fremu, juu itatoka nyeupe tupu, na tafuta rangi, juu mwanga haitakupea. Leso, koti la rangi, geti iliyopakwa. Mawingu yakiwa mazito sana mwanga inatoka juu pekee, so mwambie msee ainue kidevu kidogo, ama muweke kwa mlango. Misimu ya mvua nayo, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, cheki dakika baada ya mvua: hewa imeoshwa, lami inaakisi anga, na jua ikifungua upande mmoja ilhali wingu jeusi liko upande mwingine, wacha chochote ulikuwa unafanya utoke nje.

Kwa wenye wamejipa kamera

Kama ushapata kamera ya kubadilisha lensi, kuna kanuni ya wazee yenye inafanya kazi huku karibu kila siku ya jua: tundu f/16, na shata iwe moja gawanya kwa ISO. ISO 100, shata 1/100. Ukitaka nyuma ifutike, fungua tundu hadi f/4 na shata ipande 1/1600, mwanga inabaki ileile. Mawingu ya Julai anzia f/8, kivuli ya veranda anzia f/4, zote kwa shata ile ya 1/100. Piga, angalia, rekebisha. Ukizoea hizi namba, kamera haitakushtua tena ikibadilisha mawazo juu ya anga nyeupe. Na rangi, iweke kwa alama ya jua badala ya otomatiki, hapo jioni itabaki dhahabu. Otomatiki huisafisha ikidhani ni makosa.

Kazi ya wiki

Chagua ukuta mmoja, karibu na kwenu. Chukua beste mmoja mvumilivu, umuulize kwanza kama yuko sawa picha zake zionekane. Mpige hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne, saa sita na nusu, saa kumi, na saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Pozi moja, nguo moja, fon moja. Halafu ziweke zote tano pamoja kwa skrini na ucheki macho yake, si tabasamu: vivuli viko wapi, macho yanawaka ama ni mashimo, ngozi ni rangi gani. Wiki ijayo rudia kwa mlango wa duka. Baada ya hapo utaanza kuona mwanga kabla utoe fon mfukoni, na utakuwa unajua mtaa wako kwa njia yenye hakuna vidio ya majuu itakupea.

Halafu siku mteja wa kwanza akikupigia, akuulize bei ya picha za bathdei, usikimbilie kutaja ngiri ngapi. Muulize ni saa ngapi na ni wapi. Akisema saa saba uwanjani, mwambie mnahamia veranda ama mnasongesha hadi saa kumi na moja, na mweleze kwa nini. Hapo ndio ataelewa analipia nini, juu fon kila mtu ako nayo.